Uthibitisho wa Kilimo Hai kwa Korosho na Ufuta wa Mtwara na Lindi: Nani Anasimamia Nini, na Kikundi Kianzie Wapi

Katika vijiji vingi vya Newala, Nachingwea na Kilwa, mkulima akiulizwa kuhusu kilimo hai hujibu kwamba shamba lake halijapata kuwekewa mbolea ya dukani, na kwa hiyo korosho au ufuta wake ni wa kilimo hai tangu enzi za babu yake. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Cheti hutolewa kwa mfumo mzima wa uzalishaji unaoweza kukaguliwa: shamba ambalo mipaka yake inajulikana, pembejeo ambazo asili yake inajulikana, na mzigo unaoweza kufuatiliwa kutoka shambani hadi bandarini bila kuchanganyika na mwingine. Kwa jinsi biashara ya mazao ilivyopangwa katika mikoa ya Mtwara na Lindi, ugumu wa kazi hii uko zaidi ghalani kuliko shambani, na huko ndiko mwongozo huu utakakokaa kwa muda mrefu zaidi. Umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vikundi vya wakulima, watendaji wa vyama vya msingi na maafisa ugani wanaowashauri.

Amueni soko kabla ya kumwita mkaguzi

Hakuna cheti kimoja cha kilimo hai kinachofungua milango yote. Kwa soko la ndani na la Afrika Mashariki, kiwango kinachotumika ni EAS 456, ambacho Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipitisha mwaka 2007 pamoja na alama yake ya Kilimohai. Kwa Umoja wa Ulaya, sheria inayotawala ni Kanuni Na. 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kwa Marekani, msingi ni sheria ya mwaka 1990 na kanuni za Idara ya Kilimo ya nchi hiyo zilizoanza kufanya kazi Oktoba 2002, ambazo ziliongezewa makali kuanzia tarehe 19 Machi 2024 ili kudhibiti udanganyifu katika mnyororo wa biashara. Kikundi kinachotaka kuuza Ulaya na Marekani kwa pamoja kitakaguliwa kwa kanuni zote mbili, na kitalipia zote mbili.

Kwa kikundi kidogo kinachouza ufuta, mbogamboga au korosho zilizobanguliwa katika maduka ya Mtwara mjini au Dar es Salaam, ipo njia nafuu ya uhakiki shirikishi, ambapo wakulima wenyewe, wanunuzi na wadau wengine hukaguana kwa kufuata kiwango kilekile cha EAS 456 na kupata haki ya kutumia alama ya Kilimohai. Shughuli hiyo nchini huratibiwa na TOAM, jumuiya ya kilimo hai iliyoanzishwa mwaka 2005. Njia hiyo ni halali na inafundisha nidhamu nzuri ya kumbukumbu, ila haikubaliki kwa mzigo wa kwenda Ulaya au Marekani. Kwa maoni yangu, kikundi ambacho hakijawahi kutunza daftari la shamba kingefaa kupitia njia hii kwanza, hata kama ndoto yake ni soko la nje.

Mgawanyo wa mamlaka

Usimamizi wa serikali katika jambo hili hauko katika ofisi moja, na kutofahamu mgawanyo huo huwapotezea watu muda mwingi wa kuzunguka na barua. Wizara ya Kilimo ndiyo yenye sera: kilimo hai kilitajwa katika Sera ya Taifa ya Kilimo ya mwaka 2013, na baadaye ukatengenezwa Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa mwaka 2023 hadi 2030. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye viwango, na tangu mwaka 2019 ndilo pia linalosimamia usalama wa chakula, usajili wa majengo ya kusindikia na bidhaa zinazofungashwa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, husajili viuatilifu na hutoa cheti cha afya ya mimea kwa mazao yanayosafirishwa nje. Bodi ya Korosho Tanzania, yenye makao yake makuu Mtwara, husimamia biashara ya korosho. Ufuta na mbaazi viko chini ya COPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nafaka na mazao mchanganyiko. Maghala yako chini ya Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala. Na vyama vya ushirika viko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Katika orodha hiyo yote hakuna ofisi itakayomjia mkulima wa Ruangwa na kumpa cheti cha kilimo hai cha kuuzia Ulaya. Kazi hiyo hufanywa na shirika la uthibitishaji, ambalo aghalabu ni la binafsi, lililopata ithibati kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17065 na kutambuliwa na mamlaka za soko husika. Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, ombeni barua inayoonyesha kwamba shirika hilo limetambuliwa kwa nchi ya Tanzania na kwa aina ya zao mnalolima, kisha lilinganisheni jina lake na orodha rasmi inayotolewa na Tume ya Ulaya au na Idara ya Kilimo ya Marekani. Utambuzi huweza kutolewa kwa nchi moja na kunyimwa kwa nyingine, au kwa mazao ghafi bila bidhaa zilizosindikwa. Vilevile jihadharini na shirika linalojitolea kuwashauri na papo hapo kuwathibitisha, kwani masharti ya ithibati hayamruhusu mthibitishaji kuwa mshauri wa anayemkagua.

Umbo la kikundi

Gharama za ukaguzi ni kubwa mno kwa mkulima mmoja mwenye ekari tano, ndiyo maana kanuni zinaruhusu uthibitisho wa kikundi. Umoja wa Ulaya umeweka masharti bayana: kikundi kiwe na hadhi ya kisheria, kisizidi wanachama 2,000, mashamba yao yawe karibukaribu, kiwe na mfumo wa pamoja wa kuuza, na kiwe na mfumo wa udhibiti wa ndani. Mwanachama naye awe na shamba lisilozidi hekta 5, yaani zaidi kidogo ya ekari 12, au awe mtu ambaye gharama ya kuthibitishwa peke yake ingezidi asilimia 2 ya mauzo yake ya kilimo hai, na mauzo hayo yasizidi euro 25,000 kwa mwaka. Mkulima wa Tandahimba mwenye ekari 20 za mikorosho hajafungiwa mlango, lakini itabidi aingie kwa sharti hilo la pili na aonyeshe hesabu zake.

Hapa ndipo AMCOS nyingi, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, hukwama. Chama cha msingi kina hadhi ya kisheria, kina wanachama na kina ghala, kwa hiyo huonekana ndicho kikundi kilichokwisha kuwa tayari. Kumbe wanachama wake wengi hupuliza dawa za kawaida na hawana nia ya kuacha. Mwulizeni mthibitishaji kwa maandishi kama anakubali kuwathibitisha wanachama wachache ndani ya chama, au anataka kikundi kisajiliwe pekee. Jibu hilo lipatikane kabla ya msimu, kwa kuwa usajili mpya huchukua muda.

Jambo jingine la kuamua mapema ni nani atakayemiliki cheti. Kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa walilipia ukaguzi na cheti kikawa chao, hata mkulima akishindwa kuelewana nao bei hakuweza kumuuzia mwingine kama zao la kilimo hai. Chini ya kanuni mpya ya Ulaya cheti hutolewa kwa kikundi chenyewe. Mnunuzi akiendelea kulipia gharama, mkataba useme wazi deni hilo litarejeshwa vipi na kama kikundi kina uhuru wa kuuza kwingine.

Shamba: historia, salfa na jirani

Kila shamba lichorewe ramani yenye mipaka, majirani wa pande zote nne na zao la kila jirani, kisha liandikiwe historia ya pembejeo za miaka iliyopita. Historia hiyo ndiyo inayopanga kipindi cha mpito. Kwa kanuni ya Ulaya, mazao ya kudumu kama mikorosho huhitaji miaka 3 ya usimamizi wa kilimo hai kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kwa jina hilo, na mazao ya msimu kama ufuta huhitaji miaka 2 kabla ya kupanda. Marekani hutaka miezi 36 bila kiambato kilichokatazwa kabla ya mavuno. Kwa kanuni ya Ulaya, muda huo huanza kuhesabiwa baada ya kikundi kujiweka chini ya usimamizi wa mthibitishaji. Kuutambua muda uliopita huwezekana tu penye ushahidi unaomridhisha, na neno la mwenyekiti wa kijiji peke yake kwa kawaida halimridhishi.

Swali la kwanza la kila mkulima wa korosho ni salfa. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, hushambulia maua na majani machanga, na bila kuudhibiti mavuno huanguka. Salfa ya unga, dawa inayouzuia, inaruhusiwa katika kilimo hai, Ulaya na Marekani pia, mradi bidhaa yenyewe imekubaliwa na mthibitishaji wenu na haina viambato vya ziada vilivyokatazwa. Hifadhini lebo ya kila mfuko na namba yake ya toleo, na mwandike tarehe, shamba na kiasi kilichotumika.

Tatizo liko kwa viuatilifu vya maji. Pembejeo za ruzuku huwafikia wakulima zikiwa na salfa pamoja na dawa za maji za ukungu na za wadudu, na mkulima aliyesajiliwa huona ni hasara kuacha haki yake. Mwanachama wa kikundi asizichukue kabisa dawa za maji. Akizichukua kwa nia ya kumpa shemeji yake, jina lake litabaki katika orodha ya mgawo, na siku mkaguzi atakapoiomba orodha hiyo hakuna maelezo yatakayoaminika. Ni vyema kikundi kipeleke orodha ya wanachama wake kwa AMCOS na kwa afisa kilimo mapema ili wagawiwe salfa peke yake, na nakala ya barua hiyo itunzwe. Mashine za kupulizia zinazokodishwa kijijini nazo ni hatari, maana mashine iliyopuliza dawa ya maji jana huacha mabaki leo. Kikundi kinachoweza kumudu kiwe na mashine yake.

Kuhusu mbu wa mikorosho, ambao ndio sababu ya dawa nyingi za wadudu, wapo wasaidizi ambao wakulima wengi huwaua bila kuwajua thamani yao. Chungu wekundu waitwao maji moto, wanaojenga viota kwa kushona majani, huwawinda wadudu hao, na utafiti wa matumizi yao umefanyika kwa miaka mingi, ikiwemo katika kituo cha utafiti cha Naliendele. Ni kweli kwamba huuma vibaya. Lakini korosho huokotwa chini baada ya kudondoka, kwa hiyo usumbufu wake si mkubwa kama wa mti unaochumwa kwa kupanda.

Jirani anayepuliza dawa ndiye hatari ya mwisho ya shambani. Kanda ya kinga iachwe upande wake, na upana wake upimwe kwa kuzingatia uelekeo wa upepo, urefu wa miti na aina ya mashine anayotumia. Korosho zilizookotwa ndani ya kanda hiyo ziuzwe kama korosho za kawaida na ziandikwe hivyo.

Kwa wakulima wa ufuta wa Lindi ninaongeza tahadhari moja inayowashangaza wengi. Shamba jipya lililofyekwa msituni halijapata kuona dawa, na kwa sababu hiyo huonekana ndilo safi kuliko yote. Hata hivyo, kiwango cha Afrika Mashariki kinakataza kufyeka uoto wa asili ambao haujaguswa kwa ajili ya kilimo hai, na uchomaji wa mabaki ya mimea unatakiwa upunguzwe kabisa. Ufuta wa aina hiyo huweza kukataliwa ingawa hauna hata chembe ya kemikali.

Udhibiti wa ndani

Mfumo wa udhibiti wa ndani ndio cheti chenyewe. Mkaguzi wa nje huja kuupima huo. Kila mwanachama atie saini mkataba wa kufuata masharti, akaguliwe shambani na mkaguzi wa kikundi angalau mara moja kwa mwaka, na awe na makisio ya mavuno yaliyoandikwa kabla ya msimu. Mkaguzi wa ndani asipangiwe shamba la ndugu yake wala la mtu anayemdai. Katika vijiji ambavyo nusu ya watu ni ukoo mmoja, sharti hili ni gumu. Dawa yake ni kubadilishana wakaguzi kati ya vijiji viwili.

Makisio ya mavuno yasifanywe kwa kukadiria tu. Hesabuni miti inayozaa, umri wake na mavuno ya misimu iliyopita. Tuseme mwanachama amekisiwa kilo 400, kisha akaleta ghalani kilo 650: karani wa kikundi anapaswa kuzuia mzigo huo hadi ziada ielezwe. Sababu ya kawaida inajulikana na kila mtu wa kusini, nayo ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Korosho zilizonunuliwa kwa jirani kwa njia hiyo, kwanza ni kosa kwa taratibu za biashara ya korosho, na pili zinaingiza katika mzigo wa kilimo hai zao lisilojulikana lilikotoka. Kikundi kiwe na adhabu zilizoandikwa, kuanzia onyo hadi kusimamishwa, na kiwe na kumbukumbu za kuonyesha kwamba zimewahi kutumika. Orodha ya wanachama 300 ambayo kwa miaka mitatu haina hata onyo moja humtia mkaguzi shaka badala ya kumfurahisha.

Ghala

Korosho za Mtwara na Lindi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ni ya mwaka 2005 na ulianza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mzigo AMCOS, hupimwa na kupangwa kwa daraja, husafirishwa hadi ghala kuu, na kisha huuzwa kwa mnada, siku hizi kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mfumo huu hukusanya mizigo ya wengi na kuiuza kwa daraja na wingi, wakati uthibitisho wa kilimo hai unataka kila gunia lijulikane ni la nani. Pasipo mpango wa makusudi, korosho zilizolindwa kwa miaka mitatu hupoteza hadhi yake kwa dakika chache za kupakuliwa lori.

Mpango huo uanze miezi kadhaa kabla ya msimu. Kikundi kiandike kwa chama kikuu chake, iwe ni MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, pamoja na Bodi ya Korosho na mwendesha ghala, kikieleza kiasi kinachotarajiwa, ghala linaloombwa na jinsi mzigo utakavyotambulishwa katika stakabadhi na katika tangazo la mnada. Majibu yapatikane kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo na msimamizi wa ghala hayafai, kwa sababu ghala linapofurika mwezi wa Novemba kila nafasi iliyo wazi hujazwa.

Ndani ya ghala la AMCOS, mzigo wa kikundi uwekwe juu ya vichanja, mbali na mwingine, ukiwa na kibao kinachosomeka. Magunia yawe mapya au ya kikundi, yenye alama na namba ya mkulima. Yasiwe yaliyowahi kubeba mbolea, wala magunia ya juti yaliyolainishwa kwa mafuta ya petroli badala ya mafuta ya mimea. Ghala lisifukizwe kwa vidonge vya fosfini wakati mzigo huo umo ndani, na kama lilifukizwa kabla, tarehe na hatua za usafi ziandikwe. Lori linalobeba lifagiliwe na dereva asaini fomu ya usafi. Mizani ya upokeaji iandikwe katika daftari la kikundi pamoja na lile la AMCOS, ili jumla ya kilo kutoka kwa wakulima, kilo zilizopokelewa ghala kuu na kilo zilizouzwa zilingane, ukitoa unyaufu unaoelezeka. Mkaguzi mwenye uzoefu huanza na hesabu hizi tatu kabla hajakanyaga shamba lolote.

Makaratasi haya yote husaidia bei pale tu mnunuzi wa kilimo hai anapokuwepo. Mnada wa kawaida hauna sababu ya kulipa zaidi kwa alama ambayo wanunuzi waliopo hawaihitaji, kwa hiyo kikundi kitafute mnunuzi wa kilimo hai na kumjulisha taratibu za mnada mapema, badala ya kutegemea ajitokeze siku yenyewe.

Ukaguzi wa nje na karatasi za safari

Mthibitishaji wa soko la Ulaya hurudia kukagua angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka, na wasiopungua 10, na huchukua sampuli kwa asilimia 2 ya wanachama. Anaweza pia kuja bila taarifa. Sampuli ikionyesha mabaki ya dawa, hilo peke yake halifuti cheti: uchunguzi hufanywa, mzigo husimamishwa, na kikundi hupewa nafasi ya kueleza chanzo. Kumbukumbu zilizotajwa hapo juu ndizo zitakazoonyesha kama chanzo ni jirani, gunia au mwanachama. Kanuni za Marekani zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua 5, na ningeshauri kikundi kitumie muda huo kwa soko lolote.

Wanaosindika, wakiwemo akina mama wanaobangua korosho kwa vikundi, wana mzigo wa ziada: jengo na bidhaa visajiliwe TBS, na wajasiriamali wadogo wapitie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa msaada wa taratibu hizo. Katika lebo, neno la kilimo hai hutawaliwa na uzito wa viambato. Kwa Ulaya na Marekani, bidhaa hubeba jina hilo ikiwa angalau asilimia 95 ya viambato vyake vimethibitishwa; Ulaya huhesabu viambato vya kilimo, na Marekani huhesabu vyote isipokuwa maji na chumvi. Kashata ya ufuta uliothibitishwa iliyopikwa kwa sukari ya kawaida haifiki hapo, kwa kuwa sukari yake huzidi asilimia 5 kwa mbali. Kwa soko la ndani, anayeandika madai ya uongo kwenye pakiti anaweza kufikishwa mbele ya Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji.

Mzigo unapokuwa tayari kupakiwa bandarini Mtwara, cheti cha mwaka cha kikundi hakitoshi. Kila shehena ya kwenda Ulaya huhitaji cheti chake cha ukaguzi, kinachotolewa na mthibitishaji katika mfumo wa kielektroniki uitwao TRACES kabla shehena haijaondoka nchini; ya kwenda Marekani huhitaji cheti cha uingizaji kinachotengenezwa katika mfumo wa Idara ya Kilimo ya huko. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA huombwa kando. Uzito, idadi ya magunia, namba ya toleo na jina la muuzaji vifanane katika karatasi zote za shehena, na msafirishaji asiruhusiwe kufunga kontena kabla karani wa kikundi hajazilinganisha moja baada ya nyingine.